Mgeni wa Chumba cha Kukausha Mbegu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kumsalimia mtu.

Nilikuwa nimeajiriwa kama karani wa utumishi katika kiwanda cha mbegu za mahindi, nje kidogo ya mji wa Kitale. Afisa wa Utumishi, mzee mrefu aliyevaa sweta moja la kijani mwaka mzima, alikuwa akinizungusha niwajue wafanyakazi. Ofisi ya utumishi, kwa ninyi vijana ambao siku hizi mnaiita majina mapya, ndiyo inayoshughulika na watu badala ya mashine: kuajiriwa kwao, mishahara, likizo, ugonjwa, nidhamu, na siku ya kuondoka. Mzee yule aliipenda kazi yake, na alinieleza kila kitu mara mbili kana kwamba nilikuwa kiziwi.

Tulianzia mapokezi, tukapita kwa akina mama waliochagua mbegu, halafu tukafika chumba cha kukausha. Mahindi ya mbegu huletwa kiwandani yakiwa bado kwenye magunzi, tena yana unyevu. Ukiyakausha kwa pupa kiini hufa, na mkulima atapanda asione kitu. Kwa hiyo palikuwa na tanuru lililolishwa magunzi makavu, na feni kubwa kuliko mlango wa kanisa lililosukuma hewa ya moto polepole chini ya mahindi. Sauti yake haikuwa kelele. Ilikuwa kama ya mtu mnene anayelala chali, akivuta pumzi na kuitoa. Walioshika kazi pale waliitwa watu wa moto, na msimamizi wao alikuwa nyapara aitwaye Wafula, mtu mfupi mwenye nyusi zilizoungua.

Wafula alinitajia watu wake mmoja mmoja, nao wakanipa mkono. Mmoja alikuwa ameinama mbele ya tanuru akitia magunzi kwa sepetu, hakugeuka. Nilimtambua mgongoni. Aliimba besi katika kwaya ya kanisa letu. Nikafurahi kuona mtu ninayemjua, nikasogea nimwite jina. Wafula akaingia kati yetu haraka, nusura nimkanyage.

"Madam, huyo ni mgeni."

"Mgeni wa wapi? Si mimi namjua, tunaabudu naye."

"Ni mgeni," akasema tena, safari hii taratibu. Wenzake wote walikuwa wakitazama sakafu. Mwimbaji wangu wa besi aliendelea kutia magunzi.

Tulipotoka nje, Afisa wa Utumishi alifuta miwani kwa ncha ya sweta. "Nyambura," akaniambia, "yule yuko likizo."

Nilidhani ananitania. Ndipo akanieleza. Zamani, kabla yeye mwenyewe hajafika, watu watatu wa moto walikwenda likizo kwa kufuatana, na wote watatu hawakurudi. Kila mmoja alikutwa kwake asubuhi amelala kitandani, ngozi ina joto na midomo imekauka na kupasuka, kama mtu aliyesimama mbele ya tanuru bila maji. Wa mwisho alikuwa mtu wa Cheptais, huko juu mlimani ambako wiki ile mvua ilikuwa hainyamazi. Watu wa moto wakakata shauri kwamba ile mashine haikubali mtu wake aende. Lakini kampuni nayo haikukubali mtu akae bila likizo, kwa sababu sheria ya kazi inasema kila mfanyakazi apumzike kila mwaka na mwajiri amlipe mshahara wakati wa mapumziko hayo. Basi wakatafuta njia ya kuridhisha pande zote mbili. Mtu alitia sahihi fomu ya likizo, akatoka getini asubuhi mikono mitupu, akazunguka kiwanda, akaingia kwa mlango wa magunzi. Tangu hapo mpaka likizo imalizike alifanya kazi kama kawaida, ila hakuitwa jina, hakusalimiwa, hakukalia kigoda chake. Aliitwa mgeni. Mashine ikimtafuta aliyekwenda likizo, haimkosi, maana yupo. Ikitaka kumshika, haimpati, maana asiyeitwa jina hashikiki.

"Na wewe unaamini hayo?" nikamuuliza.

"Mimi ninaamini kwamba tangu nifike nikawakuta hivyo, sijazika mtu," akasema, akavaa miwani yake.

Mimi ni mtoto wa wakulima waliotoka upande wa Mlima Kenya wakanunua ekari chache Trans-Nzoia. Nimelelewa kwa Biblia na jembe, na mambo kama haya kwetu tuliyaita upuuzi. Hata hivyo nitasema ukweli: kwa miaka yote niliyoingia chumba kile, kila mara palikuwa na mtu mmoja ambaye macho yangu yalimpita. Msimu mmoja alikuwa huyu, msimu mwingine yule, lakini mgeni hakukosekana. Baada ya muda nilianza kuhisi kwamba mgeni alikuwa mtu mmoja tu, na hao wengine walimwazima miili.

Baadaye nilihamishiwa Bungoma, kwenye bohari iliyosambaza mbegu kwa wakulima na kwa maduka. Kule watu walipenda likizo kama binadamu wote. Msimamizi wa Bohari alikuwa mama mmoja mkali, mnyamavu, aliyekunywa chai ya rangi kutwa nzima. Kwake ndiko nilikojifunza upande mchungu wa kazi yetu, kwa sababu bohari ilipunguza watu mara kwa mara. Kupunguzwa kazi si kufukuzwa. Aliyepunguzwa hana kosa, kazi yenyewe ndiyo imekwisha, na kwa hiyo sheria inamlinda zaidi: apewe notisi, Afisa wa Kazi wa serikali aarifiwe mapema, alipwe kiinua mgongo kulingana na miaka aliyotumika, na siku za likizo ambazo hakuzichukua zigeuzwe pesa. Likizo si zawadi ya bosi. Umeifanyia kazi, imekuwa mali yako, na hata ukiondoka huondoki ukaiacha nyuma.

"Nyambura," Msimamizi aliniambia siku niliyokuwa nikimfariji mpakiaji mmoja aliyepunguzwa, "usianze na pole. Mpe kwanza haki yake aione kwa macho. Pole atapewa na mke wake."

Jambo la pili alilonifundisha ni bima ya matibabu. Watu wengi hudhani kadi ni yao kwa kuwa wanaitembeza mfukoni. Bima ya kampuni hufa siku ajira inapokufa. Ya serikali unaweza kuendelea kuichangia mwenyewe, na nawasihi mfanye hivyo, ingawa wakati huo ilisaidia zaidi gharama ya kitanda kuliko ya kisu cha daktari. Lakini kuna mlango mmoja ambao waajiri hawautaji. Mtu mwenye likizo ambayo hakuichukua anaweza kuomba aende likizo kwanza, ndipo aondoke. Akikubaliwa, ajira yake haimaliziki mpaka likizo imalizike, na kadi yake inaishi mpaka siku hiyo. Tuliiita likizo ya kuondokea.

Nilirudi Kitale katikati ya miaka ya elfu mbili, safari hii nikiwa Afisa wa Utumishi mwenyewe. Mzee wa sweta alikuwa amestaafu. Wafula alikuwepo bado, nyusi hazijaota. Meneja Mkuu alikuwa mpya, mtu wa Nairobi, mpole, mwenye haraka. Haukupita msimu akanipa habari kwamba kampuni imejenga mtambo wa kisasa mahali pengine, na chumba cha kukausha kitafungwa. Watu wote wa moto watapunguzwa mwisho wa mwezi.

Nilitoa tangazo, na siku iliyofuata Barasa akaja ofisini kwangu. Barasa alikuwa mtu wa Bokoli, mkubwa wa mwili, mkavu wa maneno. Hakuwahi kumsalimia mtu kwanza, ukimsalimia alijibu kama anayelipa deni. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Madam, nimesikia ati bima inaisha pamoja na kazi."

"Ni kweli, Mzee. Kaa chini."

Hakukaa. "Bibi yangu, Mama Simiyu, ako na uvimbe kwa shingo. Ulikuwa mdogo, saa hii unamkaba. Akilala chini anakosa pumzi, so analala akiwa ameketi. Hospitali ya misheni kule Bungoma wamempatia siku ya kupasuliwa. Hiyo siku ni mwezi ujao."

Mwezi ujao. Kadi itakuwa imekufa. Nilimuuliza kama hospitali inaweza kumsogeza mbele, akasema daktari wa upasuaji huo huja kwa zamu na safari hii amekwisha kuja na kwenda. Nilimuuliza kama ana shamba la kuuza. Akatikisa kichwa.

Basi nikamweleza kuhusu likizo ya kuondokea. Nilikuwa na furaha, nikiona nimemtoa shimoni. Nikasema: "Wewe una likizo za miaka mingi ambazo hukuchukua. Ulitia sahihi lakini ulifanya kazi. Nimekuona kwa macho yangu. Ukisema hivyo mbele ya Afisa wa Kazi, na wenzako wakasema, ajira yako itasogea mpaka baada ya upasuaji."

Barasa aliizungusha kofia mikononi mwake.

"Hizo miezi mimi sikuwa," akasema.

"Ulikuwa wapi?"

"Kulikuwa na mgeni."

"Barasa, mgeni ni wewe."

"Usiseme hivyo, Madam." Sauti yake ilishuka. "Nikisema ni mimi nilikuwa pale, nimejiita. Alafu tena niende hiyo likizo yenyewe, ya ukweli, nikae kwangu. Unaelewa unaniambia nini?"

Nilielewa. Mbele yangu alikuwa amesimama mwanamume aliyeamini kwamba akiokoa pumzi ya mke wake atapoteza yake, na mimi ndiye niliyemwonyesha njia. Nilimwambia aende nyumbani akazungumze na Nekesa, ndilo jina la mkewe. Alikwenda Jumamosi. Jumatatu alirudi, akasimama palepale mlangoni.

"Hakulala tena jana," akasema. "Andika. Nitasema."

Afisa wa Kazi alifika wiki hiyo, kama ilivyo desturi watu wanapopunguzwa. Alikuwa kijana makini mwenye viatu vya vumbi. Watu wa moto walikataa kupanda ofisini, kwa hiyo kikao kikafanyika kwenye chumba cha kukausha. Tanuru lilikuwa limezimwa siku kadhaa zilizopita na umeme wa upande ule umekatwa. Sijawahi kukiona chumba kile kikiwa baridi. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umeingia kwa mlango wa magunzi na kujilaza sakafuni. Feni lilikuwa limesimama, na bado watu waliongea kwa sauti ya chini, kama wanaoogopa kumwamsha mtu.

Meneja Mkuu alizungumza kwanza. "Bwana Afisa, kampuni haina tatizo kulipa inachodaiwa. Lakini likizo hapa hakuna hata moja iliyobaki. Kila mtu alikwenda. Sahihi zao hizi hapa."

Hakuwa akidanganya. Mtu wa Nairobi angejuaje.

Afisa wa Kazi akamgeukia Wafula. "Nyapara, wakati Barasa ameandikwa likizo, nani alishika moto hapa?"

"Mgeni," akasema Wafula.

"Mgeni anaitwa nani?"

"Ni mgeni tu, bwana. Hana jina ingine."

"Alitoka wapi?"

"Mtu akienda likizo, mgeni anakuja. Huyo akirudi, mgeni anaenda."

Afisa akawauliza wengine mmoja mmoja. Wote walitoa jibu lile lile. Yule mwenzangu wa kwaya, kichwa kimejaa mvi sasa, aliulizwa naye akanitazama kama anayeniomba radhi, kisha akasema, "Mgeni."

Meneja Mkuu akacheka kidogo, bila ubaya. "Sasa mtu ambaye hayupo tutamlipaje?"

"Ni mimi," akasema Barasa.

Alikuwa amesimama nyuma ya wote. Wenzake walijitenga naye, hatua kwa hatua, mpaka akabaki peke yake kwenye ukungu. Wafula alinyoosha mkono kama anayetaka kumziba mdomo, akauacha hewani.

"Ni mimi Barasa. Hizo miezi zote nilikuwa hapa. Nilitia magunzi kwa hii mikono. Hakuna mtu mwingine. Ni mimi."

Ndipo feni likazunguka. Si mara nyingi, mzunguko mmoja tu, mzito, na ile sauti ya pumzi ikapita chumbani ikatupuliza usoni. Hewa ile ilikuwa ya moto. Meneja Mkuu akasema ni upepo kwenye bomba la moshi. Kitale ina upepo, sikatai. Lakini ukungu wa pale sakafuni haukutikisika, nami niliogopa, na sioni haya kusema kwamba niliogopa.

Kwa sauti isiyo thabiti sana, Afisa wa Kazi akauliza kama kuna anayempinga Barasa. Hakuna aliyempinga. Akasema aliyefanya kazi hakuwa likizo, hata akiwa ametia sahihi mara mia, na siku zake ni zake. Meneja Mkuu hakubisha. Akaniambia niandike likizo ya kuondokea ya Barasa ianze kesho yake na ajira yake imalizike likizo itakapomalizika.

Barasa alitoka getini mchana, jua limewaka, mfuko wa nguo begani. Alikuwa mtu wa moto wa kwanza kwenda likizo ya kweli tangu wale watatu. Watu walisimama kumtazama akienda kuelekea barabara kuu. Hakuna aliyempungia mkono, na hakuna aliyemwita.

Wiki zile sikuwa na raha. Nilipeleka karatasi za bima hospitalini mwenyewe kwa mkono, nikahakikisha kadi bado inafanya kazi. Kila asubuhi nikifungua ofisi nilitarajia mtu kutoka Bokoli aje na habari mbaya. Nilimwombea Barasa kanisani kwa jina, halafu nikajiuliza kama ni vizuri kulitaja. Nekesa alipasuliwa siku iliyopangwa. Bima ikalipa yote. Nilipopigiwa simu kwamba ameamka na anapumua, nilifunga mlango wa ofisi nikalia.

Likizo ilipomalizika, Barasa alikuja kuchukua cheti chake cha utumishi. Alikuwa mzima. Hata alikuwa amenenepa kidogo.

"Madam, umeamkaje?" akasema kabla sijafungua mdomo. "Habari ya watoto?"

Nikamjibu, nikamkaribisha kiti, akakaa. Nikampa kalamu atie sahihi, akaniuliza ni wapi, ingawa mahali pa sahihi hapajawahi kubadilika. Nilidhani ni furaha imemchanganya. Alinishukuru vizuri, akaenda.

Wenzake waliposikia kwamba yuko hai, walianza kuja. Walikuja mmoja mmoja, wakachungulia nyuma yao, wakafunga mlango, wakasema: ni mimi, nilikuwa pale. Ajira zao zilikuwa zimekwisha kwa hiyo hawakuhitaji likizo yenyewe, walilipwa pesa badala yake, kila mmoja kwa ushahidi wa mwenzake. Wengine walisema jina lao kwa kunong'ona mpaka nikawaomba warudie.

Wafula hakuja. Nilimfuata nyumbani kwake mara mbili, nikamkuta akichoma makaa.

"Mzee, hii ni haki yako," nikamwambia. "Sheria ni yako."

"Sheria najua, Madam. Lakini si mimi nilifanya ile kazi. Ilifanywa na mgeni. Nitakula aje jasho ya mtu na simjui?"

Sikuweza kumbadilisha. Alikufa miaka michache baadaye, kwa uzee tu, katikati ya jamaa zake, na fungu lake halikuchukuliwa na mtu.

Mimi nilistaafu kwa wakati wangu. Watu huniuliza nimejifunza nini, na nina majibu mengi ya kuchosha. Usitie sahihi likizo ambayo hutaichukua. Ukipunguzwa, uliza tarehe ya mwisho ya ajira yako na tarehe ya mwisho ya kadi yako, na usiende nyumbani mpaka zote mbili zimetajwa waziwazi. Kama kuna mgonjwa nyumbani, omba likizo yako kwanza kabla ya kutoka. Usimwache mwajiri akuambie kwamba hukuwepo ilhali ulikuwepo. Haya nimewaambia vijana wengi, na wengine wamesaidika, na hilo linanipa amani.

Lakini kuna jambo moja halijanipa amani, nalo nilielezwa mwaka uliofuata kustaafu kwangu, nilipokwenda Bokoli kuwatembelea.

Nilimkuta Nekesa uani akichambua maharagwe. Kovu lake la shingoni lilikuwa jembamba, kama uzi wa shanga. Alinipokea kwa mikono miwili. Barasa naye alitoka ndani ya nyumba, akanisalimia kwa uchangamfu, "Mulembe, Madam, mulembe," akauliza habari za kila mtu wa Kitale kwa jina, kisha akachukua mtungi akashuka kisimani. Nekesa alimtazama mpaka akapotea nyuma ya migomba.

"Mama, nikuulize," akasema. "Wewe ndio ulimpatia ile likizo."

"Ndiyo, mimi."

"Siku ya operesheni aliketi kwa benchi, nje. Nesi akatoka akaita Barasa akuje atie sahihi, ndio wanipasue. Huyo nesi aliniambia mwenyewe nikiamka, alikuwa anaona ni kitu ya kucheka. Ati aliita jina mara moja, wanaume wawili wakasimama. Sura moja, koti moja. Akadhani ni mapacha."

"Barasa ana pacha?"

"Hana."

Mikono yangu ilikuwa imeanza kumsaidia kuchambua. Nikaisimamisha. "Halafu?"

"Mmoja alikuwa karibu na mlango wa theatre, ndio akatia sahihi. Huyo mwingine alisimama kidogo, akiangalia. Alafu akatoka, akaenda upande ya barabara. Nesi alikuwa na haraka, hakuuliza."

"Hujamuuliza mzee?"

"Nimuulize nini, Mama? Nimwambie aseme yeye ni nani?" Alitikisa maharagwe ndani ya ungo. "Huyu ni mtu mzuri. Anasalimia watu. Anateka maji. Baba Simiyu hajawahi kuteka maji, hata siku nilikuwa najifungua." Akacheka, na mimi nikacheka naye.

"Lakini kuna mtu huja," akasema. "Mchana tu, jua likiwa kali, watu wakiwa shamba. Anapiga hodi kwa mlango wa nyuma. Si hodi ya mgeni, ni hodi ya mwenye nyumba. Huyu wangu anaacha kula, ananiangalia, anasema usifungue. Na mimi sifungui. Mwanzo alikuwa anapiga hodi kwa nguvu. Sasa ameacha kupiga. Anasimama tu pale nje na anasema ako na kiu."

Hatua zilikuwa zikipanda kutoka kisimani. Nekesa alinishika mkono chini ya ungo, vidole vyake baridi, akasema haraka haraka, "Na sauti, Mama, ni ya bwana yangu."

Barasa alitokea kwenye migomba, mtungi begani, maji yakimdondokea shingoni. Akautua taratibu, akajaza kikombe, akakinywa chote, akajaza tena. Akanikaribisha nikae nisubiri chai. Nilimwambia nina haraka.